Mwalimu tarajali: vishikwambi vimenipa alama nzuri, watoto wameelewa kwa karatasi. Kwenye tafakuri niandike nini?

mtarajali_2 (muulizaji)

Shikamooni walimu wakongwe, tarajali wenzangu mambo vipi. Kuna kitu kinanisumbua tangu wiki iliyopita naomba mawazo yenu, maana chuoni nikisema nitaonekana napinga teknolojia na mimi sipingi kabisa, mimi ndo yule ambaye projekta ikigoma kila mtu ananitafuta.

Niko wiki ya sita ya mazoezi ya kufundisha. Darasa la nne, hisabati, watoto 42. Mada ilikuwa kulinganisha sehemu, yaani mtoto aone kwamba 1/3 ni kubwa kuliko 1/4 japo 4 inaizidi 3. Mkufunzi akasema anakuja kunikagua Jumanne, na alishatutonya kwamba fomu ya ukaguzi ina kipengele cha TEHAMA chenye alama zake, usipotumia kifaa chochote hizo alama huzioni. Nikajipanga bwana. Shule ina vishikwambi 14, nikavichaji vyote, nikaweka gemu moja ya sehemu isiyohitaji mtandao, nikaicheza mwenyewe mara tatu ikakubali.

Siku yenyewe kipindi cha dakika 40, dakika 11 zimeisha kwenye kugawa tu. Viwili vilijizima, kimoja mtoto kabonyeza sijui wapi lugha ikabadilika nikawa natafuta mipangilio kwa kukisia picha. Watoto watatu kwa kifaa kimoja. Ila walivyoanza kucheza aisee darasa lilichangamka, ukipata jibu inatoka nyota na kamuziki, kila kona nyota, mkufunzi anatabasamu na kalamu inatembea. Alama niliyopata sijawahi kuipata tangu nianze.

Sasa sikilizeni. Kengele imelia, nikamwita msichana mmoja aliyekuwa na nyota 18 kwenye maswali 20. Nikaandika ubaoni 1/3 na 1/4, nikamuuliza ipi kubwa. Akasema robo. Kwa nini? "Kwa sababu ina nne." Nikamwambia mbona kule ulikuwa unapata zote, akanijibu bila hata kuwaza, "Kule nilikuwa naangalia lile lenye rangi ndefu."

Nikaenda kuangalia tena. Kumbe juu ya kila sehemu ile gemu inachora kipande cha rangi, kirefu au kifupi, kwa hiyo mtoto hana haja ya kusoma namba hata moja, anagusa upande wenye rangi ndefu basi nyota hiyo. Mimi nilivyoijaribu sikuliona hilo kwa sababu majibu nilikuwa nayajua tayari!

Jumatano nikawapa maswali matano kwenye karatasi, bila picha. Waliopata manne na kuendelea walikuwa 9 kati ya 42. Nikaishiwa nguvu.

Alhamisi hakuna mkaguzi wala nini, nikakata vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, kila mtoto na vyake. Kunja mara moja, fungua, hesabu. Kunja mara mbili. Mara tatu. Wakapata 2, 4, 8. Theluthi ilitutesa kidogo maana kukunja karatasi itoke vipande vitatu vinavyolingana si mchezo, wengine wakawa wanabishana kipande cha nani ndo theluthi halali. Halafu kuna kijana mmoja wa nyuma kabisa, tangu nifike sijawahi kusikia sauti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kadiri ninavyokunja ndo kinakuwa kidogo." Darasa zima likamgeukia. Wakaanza kuweka theluthi juu ya robo wenyewe bila mimi kuwaambia. Ijumaa maswali matano mengine ya aina ile ile, waliopata manne na kuendelea 31.

Tafakuri inatakiwa wiki ijayo, kichwa cha habari matumizi ya teknolojia katika madarasa ya msingi. Niandike hivi hivi nilivyowaandikia nyie au niandike kile wanachotaka kusikia? Na hivi kweli tatizo ni vishikwambi au ni mimi?

kijana_wa_cheti

Andika wanachotaka, pata cheti, ukweli utaufundisha ukishaajiriwa. Mengine haya mnajitafutia tu.

bi_chaki

Marahaba mwanangu. Usimsikilize huyo wa juu, wewe andika ulichokiona. Nina miaka 26 darasani na nimesoma tafakuri za tarajali wengi waliopita mikononi mwangu, nyingi zinafanana kama zimepigwa muhuri, "wanafunzi walifurahia na somo lilifanikiwa." Hakuna mtoto hata mmoja mle ndani. Yako ina mtoto kasema "rangi ndefu," hilo neno peke yake lina uzito kuliko kurasa tatu za nadharia.

Ila na mimi nikusahihishe kidogo. Kosa si la kishikwambi. Ungechapa zile zile picha za rangi kwenye karatasi, namba chini yake, mtoto angefanya hivyo hivyo, angeangalia rangi akaruka namba. Mtoto si mjinga, njia ya mkato akiiona anapita. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujaipeleka gemu yoyote darasani siyo kama inafanya kazi. Icheze kama mtoto mvivu. Kaa chini ujaribu kushinda bila kujua chochote kuhusu mada: bahatisha, angalia rangi, angalia ni upande gani jibu linapenda kutokea, bonyeza haraka haraka uone kama ukikosea kuna kinachokupata au unarudia tu mpaka ikubali. Ukishinda hivyo ujue na wao watashinda hivyo.

Niliwahi kuwa na programu moja ya kujumlisha (ya kwangu ilikuwa kwenye kompyuta za mezani zile za zamani) jibu sahihi lilikuwa mara nyingi linakaa katikati. Watoto waligundua ndani ya siku mbili. Mimi wiki tatu.

Na haya mambo ya kifaa kipya kuja kumaliza kila kitu hayajaanza leo. Mwaka 1913 Thomas Edison alisema vitabu karibu vitakosa kazi mashuleni, watoto watafundishwa kwa filamu, na akatabiri ndani ya miaka kumi mfumo wa shule utabadilika wote. Ikaja redio ikasemwa hivyo hivyo. Ikaja televisheni.

zege_la_namba

Mi naomba nibishe kidogo, samahani mtarajali usinichukie.

Hiyo 9 kwenda 31 haikuambii ulichodhani inakuambia. Alhamisi walikuwa wanakutana na mada kwa mara ya tatu, Jumanne gemu, Jumatano maswali, sijui kama uliwasahihishia ila kama uliwasahihishia hilo nalo ni somo. Na hukuwa na mkaguzi nyuma ya darasa kwa hiyo na wewe ulikuwa umetulia. Na kila mtoto alikuwa na karatasi yake wakati Jumanne walikuwa watatu kwa kifaa kimoja, hapo umelinganisha vitu viwili kwa mpigo, kifaa na idadi ya mikono. Labda ungewapa kipande kimoja cha karatasi kwa watoto watatu nao wangefeli vile vile.

Sisemi umekosea. Nasema kwenye tafakuri usiandike "karatasi ni bora kuliko teknolojia," mtu yeyote makini atakuuliza haya na utakosa jibu. Andika ulichokiona. Lile jibu la msichana ndo ushahidi wako mkubwa, zile namba ni za kusindikizia.

Ukitaka utafiti wa karatasi na skrini upo, ila ni wa kusoma, siyo hisabati. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta wanaosoma kwenye karatasi wanaelewa zaidi, tofauti yenyewe ni ndogo lakini ipo, na inaonekana zaidi muda ukibanwa. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana, ni kwenye maandishi ya kutoa taarifa. Unaona hata hapo jibu ni inategemea unasoma nini.

mtarajali_2

@zege_la_namba aah umenikamata. Kweli Jumatano niliwasahihishia ubaoni na hilo la watatu kwa mmoja sikuliwaza kabisa. Sikuchukii hahaha, ila umeniharibia aya nzima niliyokuwa nimeshaiandika.

@bi_chaki ya mtoto mvivu nimeiandika ukutani kwangu.

fundi_wa_maabara

Mimi siyo mwalimu, nasimamia vifaa vya kompyuta shuleni, kwa hiyo nadharia nawaachia, nizungumzie zile dakika 11 maana ndo zinaua vipindi na hakuna anayeziandika popote.

Kwanza kabisa bandika namba nyuma ya kila kifaa na kila kundi liwe na namba yake ya kudumu, kundi la 5 linajua kifaa chake ni cha 5, hakuna kugombania kile chenye kava zuri. Gawa kabla ya kipindi kama unaweza. Gemu iwe imeshafunguliwa tayari kwenye skrini. Halafu vifaa vingi vina namna ya kuvifunga vibaki kwenye programu moja tu, mtoto hawezi kutoka mpaka uweke namba ya siri, tafuta kwenye mipangilio, ungekuwa umefanya hivyo yule wa kubadilisha lugha asingefika huko. Zima mtandao kama huuhitaji, maana kikikumbuka kujisasisha katikati ya kipindi umekwisha. Na usiamini alama ya betri kwenye vifaa vya zamani, kinasoma asilimia 60 dakika tano kimezima, ndo vile viwili vyako hivyo naapa.

Kwa watoto watatu kifaa kimoja, wape kazi tofauti. Mmoja anagusa, mmoja anasema jibu na sababu, mmoja anaandika kwenye daftari, na anayegusa haruhusiwi kugusa mpaka mwenzake aseme kwa nini. Badilisheni kila baada ya maswali manne hivi. La sivyo mwenye mikono mirefu ndo anasoma, wengine wawili wanaangalia televisheni.

Kama shida ni mtandao kuna programu inaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ni bure, unapakua masomo mara moja kwenye kompyuta moja halafu vifaa vingine vinaunganishwa nayo humo humo darasani bila intaneti. Video na mazoezi ya Khan Academy yanapatikana humo. Mimi naitumia.

mama_sauti

Naona wote mnazungumzia gemu, ngoja niseme kitu kingine. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili kusoma, na teknolojia iliyonisaidia kuliko zote ni kile kitufe cha kurekodi sauti kwenye simu. Basi. Hakina nyota wala muziki.

Mtoto anasoma aya fupi, namrekodi, halafu nampa asikilize huku kidole kinafuata maneno kitabuni. Kuna mmoja alikuwa anaruka maneno madogo, "na," "ya," "kwa," nimemwambia mara mia nane hasikii, nikimsahihisha ananiangalia tu kama namwonea. Siku ya kwanza kujisikiliza kidole kilifika kwenye neno "ya" sauti ikawa imeshapita, akasimamisha kidole, akaniangalia, "Mwalimu nimeliruka." Akaomba kurekodi tena. Akarekodi mara nne siku hiyo bila kulazimishwa na mtu.

Hiyo karatasi haiwezi. Sauti ikishatoka mdomoni imeondoka, huwezi kuishika uionyeshe, simu inaishika. Ndo kipimo changu siku hizi, hiki kifaa kinanipa kitu ambacho bila chenyewe siwezi kukipata? Kama mbegu inaota siku tisa na video inakuonyesha kwa sekunde 30, sawa. Kama ni kuonyesha picha ya jani wakati majani yako nje ya dirisha, nenda nje.

Halafu msisahau watoto wenye uoni hafifu. Nilikuwa naye mmoja, herufi zikikuzwa kwenye kishikwambi anasoma kama wenzake, kwenye kitabu cha kawaida anainamisha uso mpaka pua inagusa ukurasa. Kwa huyo msije mkaniambia karatasi ni bora.

(Rekodi nazifuta mbele yao wakimaliza wiki, na wazazi niliwaambia mapema. Sauti ya mtoto siyo ya kuzagaa kwenye magrupu.)

mkufunzi_huru

Mimi nipo upande wa pili wa fomu ya ukaguzi, nakagua tarajali. Nianze kwa kukiri kwamba kipengele cha TEHAMA kinatupotosha na sisi pia. Ukikaa nyuma ya darasa unachokiona ni watoto wanainua mikono, wanacheka, vifaa vinawaka. Kuelewa hakuonekani ukiwa nyuma ya darasa. Mkufunzi wako hakukudanganya, aliandika alichokiona, na wewe uliona zaidi kwa sababu ulimwita mtoto mmoja ukamuuliza swali. Wachache sana wanafanya hivyo.

Pale chuoni mtakuwa mmefundishwa SAMR ya Ruben Puentedura, ile ya hatua nne, kifaa kinachukua tu nafasi ya kile cha zamani, kinaongeza kidogo, kinabadilisha kazi, mpaka kazi mpya ambayo bila kifaa isingewezekana. Shida ni kwamba watu wanaigeuza ngazi, kila mtu anataka kukaa juu hata kama mada haihitaji. Mimi kwa tafakuri yako ningetumia TPACK ya Mishra na Koehler, 2006, wao wanasema mwalimu anahitaji ujuzi wa aina tatu na unakutana: kuijua mada, kujua namna ya kuifundisha, na kukijua kifaa. Sasa jipime. Kifaa ulikijua. Mada uliijua. Ulipokwama ni pale katikati, hukuwa umewaza mtoto wa miaka tisa au kumi anakosea wapi kwenye sehemu, kwamba anaona 4 anadhani ni kubwa kwa sababu asili (ile namba ya chini) anaisoma kama namba nzima. Ungekuwa na hilo kichwani ungeiona rangi ndefu mapema, maana gemu ilikuwa inamvusha palepale anapotakiwa akwame. Na karatasi ilikusaidia kwa sababu haikumvusha.

Na kama unataka mfano mkubwa weka ule wa kompyuta moja kwa kila mtoto, mradi alioutangaza Nicholas Negroponte mwaka 2005. Peru waligawa laptopu mamia ya maelfu. Tathmini iliyotoka 2012 iliyofanyika kwenye shule za msingi 319 za vijijini haikuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zimepanda. Kompyuta zilifika na watoto walizitumia kweli, ufundishaji ndo ulibaki vile vile.

Ila upande wa pili pia uwe mkweli. Seymour Papert, mmoja wa waliotengeneza Logo, lugha ya watoto ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka 1967, hoja yake ilikuwa mtoto aiamuru kompyuta, kompyuta isimwamuru mtoto. Mtoto anamwambia kobe wa kwenye skrini nenda mbele 50, geuka kulia 90, kobe akipotea mtoto anatafuta mwenyewe alipokosea. Scratch ya chuo cha MIT ya 2007, ambayo mtoto anaunda gemu na hadithi zake mwenyewe, imetoka kwenye wazo hilo hilo, na wadogo wa miaka mitano mpaka saba wana ScratchJr ambayo haihitaji hata kujua kusoma. Hapo huwezi kushinda kwa kuangalia rangi.

Alama hutanyimwa kwa kusema ukweli, ukisema vizuri. Mimi ningekupa nyingi.

kijana_wa_cheti

@mkufunzi_huru wewe ungempa, wake je? Ndo ninachosema mimi.

bi_chaki

@kijana_wa_cheti mwanangu naye ana hoja, siwezi kumkatalia moja kwa moja. Ndo maana aanze na shukrani kwa mkufunzi aliyemtembelea, halafu amweleze kilichotokea baada ya kengele. Mtu mzima anaambiwa ukweli kwa adabu.

mtarajali_2

Wakuu nimerudi. Samahani nimekaa kimya siku nne, ratiba imenibana.

Nilivyosoma ya bi chaki na ya zege nikasema ngoja nirudie kwa haki. Jumatatu nikachukua vile vile vishikwambi, gemu ile ile, watatu watatu, ila nikabandika tepu ya karatasi juu ya kioo pale ambapo rangi inatokea, zikabaki namba tu. Namba nyuma ya kila kifaa kama alivyosema fundi, gemu imeshafunguliwa, kugawa dakika tatu! Na kazi tatu kwa kila kundi.

Wee, kelele za Jumanne ile hazikuwepo. Mwanzoni walikasirika, "mwalimu imeharibika," "mwalimu toa tepu." Yule wa nyota 18 kundi lake lilipata 7 kwenye maswali kumi na tano ya kwanza akanuna kabisa. Halafu akaja mezani kwangu kimya kimya akachukua kipande cha karatasi, akarudi, nikamwona anakunja chini ya dawati kama anaficha. Nikajifanya sijaona. Baada ya dakika kama tano makundi matatu yalikuwa na karatasi, wanakunja, wanapima, wanabishana, ndo wanagusa. Yule kijana wa nyuma kapewa kazi ya kusema sababu, alikuwa anaisema kwa kundi lake tu lakini anaisema.

Nikamuuliza tena yule msichana, 1/5 na 1/6 ipi kubwa. Akafikiri, akakunja vidole kama anakunja karatasi hewani, akasema moja ya tano, "kwa sababu wamegawana wachache."

Kwa hiyo nimefuta ile aya ya karatasi kushinda. Nimeanza tafakuri na maneno "lile lenye rangi ndefu" na nimemalizia na tepu. Nimemshukuru mkufunzi pia, bi chaki. Nimewasilisha leo asubuhi, alama bado.

Shida moja, tepu imeacha gundi kwenye vioo vyote 14 na mwalimu mkuu anavitaka kesho. @fundi_wa_maabara nitoeje hii kitu?

fundi_wa_maabara

Zima kwanza. Kitambaa laini kikavu, sugua polepole kwa mzunguko, gundi inajikusanya vipira vidogo unavitoa na kidole. Ikigoma lowesha kitambaa kidogo sana, kitambaa siyo kioo, na usiguse karibu na tundu la chaji. Usikwangue na rula, nawajua nyie walimu.

mtarajali_2

Rula nilikuwa nimeshaishika mkononi. Asante sana fundi.